Kidude cha Alexander Tenkini

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, simu ya mzee Mashimba ililia mfukoni. Alikuwa ameketi kwenye benchi la Fadhila muuza kahawa, Kirumba, kama kawaida yake tangu amzike mwanawe wa pekee. Akavaa miwani, akasoma, kahawa ikamwagikia suruali. Ujumbe ulisema: "Baba, maji yamefika. Fungeni bomba." Juu yake palikuwa na jina: Alexander.

Wenzake wawili wakainama kuusoma. Mmoja ni Muhidin, fundi cherehani, waliyemwita Profesa kwa kuwa hakubali kushindwa. Mwingine ni Chenge, fundi wa mashine za mitumbwi, waliyemwita Injini kwa sauti yake.

— Alexander yupi huyu? akauliza Injini.

— Kwani ninaye mwingine?

— Si ulisema aliwafungia kidude kwenye tenki?

— Ndiyo, akajibu Mashimba polepole. Kibao kidogo kama kiberiti, kina nyaya na kitaa chekundu. Alisema bei yake haifiki ya kuku. Tenki likijaa, kinatuma ujumbe kwa intaneti ya nyumbani. Lakini tangu siku ya msiba kimekuwa kimya. Maji yanakuja, yanakatika, hakisemi neno.

— Basi huyo ni Mchina, Injini akasema. Vibao hivyo vyote vinatoka kwao. Wana ukumbi mkubwa, watu wamekaa humo wanaangalia matenki yetu.

— Mchina ana shida gani na tenki la Kirumba? akauliza Fadhila.

— Wewe mimina kahawa.

— Injini, wewe jua plagi na oili, Profesa akadakia. Mtu akikaa sana na mashine, akili yake inahamia mle. Nusu ya Alexander imo kwenye kibao. Leo imezinduka.

— Na nusu nyingine?

— Inaelea hewani. Ndiyo maana hakuna waya!

Wakacheka. Mashimba hakucheka.

— Kuna jirani alinishauri vifaa vyote vya marehemu viharibiwe, visije vikamsumbua. Nikakataa. Ile ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake. Leo naona jirani alisema kweli. Mwanangu hajapumzika. Nikimaliza kikombe hiki, nakwenda kukivunja kwa nyundo.



— Nyundo haitoshi, mzee wangu, Injini akasema kwa upole wake wote. Nitakupeleka kwa mtumbwi, tukizamishe kwenye kina cha ziwa.

— Ili kiwatumie samaki sato ujumbe? akasema Profesa. Acha zako!

Hapo akafika Odeta, mke wa binamu yake Mashimba, ndiyo kwanza anashuka basi kutoka Usagara kuja kutoa pole.

— Shikamoo, shemeji.

— Marahaba, Odeta. Karibu ukae.

Wakamsimulia wote kwa pamoja, Mchina, nusu ya akili, mtumbwi na nyundo. Odeta akajifuta jasho kwa ncha ya kanga.

— Nimewasikia. Na maji je, yamefika?

  Hakuna aliyejua.

Mashimba akampigia mkewe, akaweka simu sauti ya juu.

— Rebeka, tenki likoje?

— Baba Alexander, limefurika! Maji yameingia kwa jirani, anagomba huko!

— Na kile kidude?

— Kitaa kinawaka. Asubuhi nilikuwa nafagia sebuleni, nikakuta kisanduku cha intaneti kimechomolewa. Waombolezaji walichomeka chaja zao za simu palepale. Nimekirudishia umeme. Kwani kuna nini?

Mashimba akavua miwani. Akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia.

— Hakuna kitu, mama. Funga bomba. Kidude usikiguse.

Akawageukia wenzake.

— Kumbe hajaniita. Maneno yale aliyaandika akiwa mzima, pamoja na jina lake. Yalikosa njia tu.

— Ndicho nilichokuwa nasema tangu mwanzo, akasema Profesa.

Fadhila akaangua kicheko, Injini akamfuata, na Mashimba naye akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, huku machozi yakimtoka. Kisha akavua kofia. Profesa, ambaye ni mtu wa msikitini, akainua viganja vyake naye, na Mashimba akaomba:

— Ee Mungu Baba, mpokee Alexander, mtoto uliyetuazima. Mikono yake ilitutunza, sasa mtunze wewe. Umsamehe alipokosea. Umpe pumziko la kweli, asisumbuliwe na mtu wala na kazi, mpaka siku utakapotukutanisha naye kwako. Amina.