Lakhbir Singh Ubhi, Beki Aliyebaki Isipingo

Ndugu waombolezaji, familia inawaomba msogee mketi mbele, na ule mlango wa nyuma uachwe bila viti, tuwasomee alikopitia mzee wetu.

Marehemu Lakhbir Singh Ubhi alizaliwa Kisumu, Kenya, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa seremala wa reli, akasoma hapo hapo hadi mwaka 1963 alipopelekwa kwa baba yake mkubwa mjini Jalandhar, India, na huko ndiko alikoanza kucheza mpira wa magongo.

Mwaka 1971 aliitwa timu ya taifa ya India, akacheza beki kwa miaka tisa, mechi mia moja na kumi na mbili, na sifa yake ilienea kwa sababu penalti kona ilipopigwa ni yeye aliyekimbia mbele kuukabili mpira, bila kinga ya uso, na hivyo ndivyo alivyopoteza meno manne.

Alirudi Kenya mwaka 1981, akafunga ndoa na Bilha Achieng jijini Nairobi tarehe 6 Agosti 1983, ndoa iliyosusiwa na ndugu wa pande zote mbili, wakajaliwa Abby mwaka 1985 na Melvin mwaka 1988, kisha mwaka 1996 wakahamia Durban, Afrika Kusini, alikopata kazi ya ukocha, wakaweka makazi hapa Isipingo.

Alipostaafu mwaka 2011 alianza kufundisha bure watoto wa Kikongo, wa Kikenya na wa Kizulu, kila Jumamosi, kwenye uwanja ulio jirani na viwanda vya Mobeni, naye Bilha akiwafulia jezi, na mambo yalikwenda vizuri hadi Machi mwaka huu wa 2025, wanaume wasiojulikana walipoanza kusimama kando ya uzio, mara ya kwanza watatu, Jumamosi iliyofuata tisa, wakiwapiga watoto picha.

Mwezi Mei Bilha alikuta geti lao limepakwa msalaba wa rangi nyekundu, akausugua hadi vidole vikachubuka, kesho yake akaukuta tena, na Gustave, fundi wa simu kutoka Kongo aliyekuwa msaidizi wa kocha, alikuja kuaga akisema, "Kocha, hawa batu habachezi, iko nini hapa ya kufia?"

Marehemu alikuwa na ugonjwa wa moyo tangu mwaka 2023, daktari alimkataza uwanja, na asubuhi ya Jumamosi tarehe 19 Julai Bilha alimfichia viatu, lakini yeye alimwambia, "Mama Abby, watoto watafika na hawatanikuta," akatoka na kandambili.

Saa nne wanaume wapatao arobaini waliingia na fimbo, marehemu akawafungia watoto kumi na saba katika chumba cha kubadilishia nguo, akasimama mlangoni, na mmoja wa wale wanaume alimwambia kwa heshima kabisa, "Mzee, wewe tunakujua, hatuna shida na wewe, tunawataka hao watoto wa wageni, tupishe tu," naye akajibu, "Sipishi."

Alisimama hivyo kwa muda wa saa mbili na nusu, hakuna aliyemgusa, hadi polisi walipofika na kila mtoto akapelekwa kwao salama, ndipo akamwomba Bilha, aliyekuwa amemfuata na viatu, amshike mkono, akaanguka, akalazwa, na akafariki dunia Jumanne tarehe 22 Julai saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sabini na minne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku tatu, majirani waliolala getini kwetu kwa zamu, makocha wenzake, na wazazi waliothubutu kuja leo, na tunawaomba mkitoka mwondoke kwa makundi, kwa kuwa yale magari mawili yaliyoegeshwa ng'ambo ya barabara hayakuletwa na mtu wa msiba huu.

Bilha ameagiza litangazwe jambo moja, kwamba funguo za chumba cha uwanjani anazo yeye, na Jumamosi ijayo, tarehe 2 Agosti, saa tatu asubuhi, atafungua.

Baba Abby, pumzika kwa amani, watoto wote wamefika nyumbani.