Mzee Anatoli na Wimbo wa Maziwa

Tarehe 30 Juni 1984, Ndugu Anatoli Ndikuriyo anakabidhi funguo za greda baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Karakana yetu ya barabara hapa Biharamulo haijapata dereva mwingine aliyedumu hivyo, wala mwingine aliyetuhangaisha kama yeye.

Alitokea Mabawe, Ngara, akaanza na jembe na toroli. Wakati wa Operesheni Vijiji ndiye aliyechonga njia za kuingia vijiji vipya vya Nemba, watu wakihamia udongo ukiwa bado mbichi. Ni mkali! Ukimwamkia shikamoo huku umeegemea mashine yake, marahaba huipati mpaka uondoke.

Wasafiri, hata hivyo, wanamjua kwa tuta la Nyakahura, na tuta hilo, jamani, lina kisa chake.

Mwanzoni mwa 1979 mwanawe Philbert, mwanamgambo, alipanda lori kwenda vitani. Lori lilipoondoka, kijana alisimama nyuma akipunga mikono na kupaza sauti: amata, amata! Kwa Kihangaza hayo ni maziwa. Mzee hakuuliza. Alitimua mbio hadi kwa jirani yake Ngeleja, akarudi na kibuyu kimejaa, akakuta vumbi tu. Philbert hakurudi. Msiba ulimuumiza, lakini kilichomtafuna zaidi ni kwamba mtoto aliomba maziwa, naye baba hakumfikishia.

Mwaka uliofuata, akichonga barabara pale Nyakahura, alisikia redio ya baa ikipiga disko, na kibwagizo kikisema amata, amata. Lo! Alinyanyua kisu cha greda, akaiacha mashine inaunguruma katikati ya njia, akaikimbilia redio. Wimbo ulikuwa umekwisha, na mtangazaji wa ng'ambo ya mpaka ameshaingia kwenye matangazo ya vifo. Udongo alioulimbikiza na kuuacha pale ndio tuta lenyewe. Lakini Mzee akawaza: kama wimbo huo upo, basi huenda Philbert alikuwa anaimba tu.

Tangu hapo hakutulia, nasi hatukutulia. Harusini, gulioni, hata kwenye mkutano wa Chama, aliimba kile kipande chake kwa sauti mbaya kuliko ya greda, akiuliza nani anaujua. Kwa kuwa aliuita wimbo wa maziwa, wauza kaseti walimpa nyimbo za kusifu ng'ombe. Bonifasia wa stoo alimwambia wazi kwamba hakuna disko la maziwa duniani. Walinuniana wiki nzima.

Mwezi uliopita Celestini, fundi wetu wa umeme, alileta kaseti kutoka Mwanza. Tuliipiga karakanani, mashine zote zimezimwa. Kibwagizo kilipofika, Mzee alishika ukuta. Akataka kirudiwe, kikarudiwa, hadi betri zikachoka na mwimbaji akawa anakoroma. Wengine, tuseme ukweli, tulisikia neno jingine kabisa, si amata. Hakuna aliyemsahihisha, hata Bonifasia. Mzee alijifuta uso kwa kofia, akasema kumbe mtoto hakuwa na kiu, aliondoka anaimba.

Jina la wimbo halikuandikwa kwenye kaseti ile. Naye, aliyetusumbua miaka yote hiyo, hakuliuliza.

Asante, Mzee wetu, kwa barabara zote ulizotuchongea. Kaseti ni yako, ichukue. Nenda salama Mabawe pamoja na mkeo Mama Melania, na Mungu awajalie usingizi mnono.