Winchi ya Toyer Ikatwe

Faiek, zima hiyo redio, mwanangu. Zulfa, ninyanyulie mto kidogo, hapo hapo, sasa kaeni mahali ninapowaona nyote wawili, maana daktari kasema lake na nyinyi mmelinong'onea jikoni mkidhani sisikii, lakini masikio yangu bado mazima, na kabla pumzi haijanikimbia nina maneno ya kuwaachia.

Nyumba mgawane kama dini inavyosema, imamu atawaongoza, wala nisisikie huko nilipo kwamba mmegombania kabati la mama yenu. Vifaa vyangu vya kazi achukue Faiek. Deni la mtu sina. Kilichobaki ni mashua, na hapo ndipo roho inaponiuma.

Mmekulia chini ya tumbo lake, kwa hiyo mnajua. Makaburu walipotutoa Simon's Town, wakasema mji ule sasa ni wa Wazungu, wakatutupa huku nyuma ya milima katika mtaa walioupa jina la Ocean View, eti Mandhari ya Bahari, ambako bahari yenyewe uitafute kwa kupanda juu ya paa, niliapa kwamba nitarudi kwa njia ya maji, nikaiunda mashua ya chuma hapo uani, nikichomelea jioni baada ya kazi ya bandarini, na majirani wakapita wakiniuliza, "Nabii Nuhu, mvua lini?" Winchi, zile ngoma za kukazia kamba za matanga, za ng'ambo hatukuziweza, basi rafiki yangu Toyer, Mungu amrehemu, akayeyusha rafadha, ile pangaboi ya kusukumia meli, ya meli moja iliyovunjika akanimiminia mbili za shaba, na nyingine kama hizo hakuna duniani.

Tulisafiri nayo miaka ile ya mwanzo, sikatai. Halafu nikairudisha uani kupaka rangi, rangi ikazaa kupiga msasa, msasa ukazaa rangi nyingine, na siku niliyoshika mkono wa winchi ya kushoto haukusogea. Bolti za stenlesi zilikuwa zimeng'ang'ania kitako cha alumini mpaka vikawa kitu kimoja, na ngoma nayo imekwama. Winchi ile haikufa kwa kazi, wanangu. Ilikufa kwa kukaa.

Na mama yenu alikuwa na ombi moja tu kwangu. Nyumba aliyozaliwa, yeye na mdogo wake Galiema, bado iko kule Simon's Town, mlimani juu ya msikiti, lakini wenyewe wa sasa wamejenga ukuta upande wa barabara na huoni kitu. Baraza lao, alikokuwa akianika nguo na mama yake, linaonekana kutoka baharini tu. "Nikiliona baraza tena tu, Armien, inanitosha." Nami nikimjibu, "Subiri, Gadija, winchi ikilegea tu tunaondoka." Siku moja akanitazama na sufuria mkononi akasema, "Mashua hii tutaisafiria, au tutazikwa nayo?" Nikacheka. Nilidhani ni mzaha.

Faiek, wewe ulikuja na grenda ya kukatia chuma na winchi kuukuu uliyoitoa kwenye boti iliyovunjika, ukasema, "Baba, tukate, hii inafanya kazi, Jumapili tumpeleke Mama." Nikakwambia ukiigusa winchi ya Toyer usikanyage tena uani kwangu, na hukukanyaga mpaka siku ya maziko ya mama yenu. Mimi nikabaki na mafuta ya taa, nikaipasha moto, nikaigonga taratibu, nikakaza bolti kidogo kabla ya kulegeza kama inavyotakiwa, nikaiacha inywe mafuta, nikarudi tena, na mama yenu akiniletea chai na koesister, maandazi yetu ya Jumapili, akisimama kuangalia. Mwisho akaacha kuuliza. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwamba aliacha kuuliza. Ile chupa ya chai aliyonunua kwa ajili ya safari iko kabatini, haijatiwa chai hata siku moja. Najuta, wanangu, najuta mpaka mifupa.

Sasa mnangoja niwaambie muifufue winchi ya Toyer kwa kumbukumbu yangu. Zulfa, usitikise kichwa, futa machozi unisikilize. Ikatwe. Kata vichwa vya bolti, Faiek, ng'oa na kitako chake, funga ile yako kuukuu, chini yake weka mpira maji yasipenye, na safari hii paka grisi kati ya vyuma viwili. Mwambieni jirani yetu Salie alete lori la kuipeleka mashua majini. Mama mdogo Galiema bado yuko hai, na baraza lile ni lake pia. Magoti yake mabaya, muwekeeni kiti. Atalalamika kichefuchefu, mwacheni alalamike. Jazeni chupa ile chai. Mkifika mbele ya msikiti shusheni tanga, na asiondolewe pale mpaka aseme mwenyewe basi.

Nikifa kabla, nizikeni siku ile ile, kisha muendelee. Msiseme... msiseme arobaini ya Baba haijaisha. Mmesikia? Msingoje.

Maji kidogo, Zulfa. Basi... yatosha.

Mungu awaweke pamoja, awape watoto wasiofanana nanyi kwa ukaidi. Radhi zangu mnazo wote. Faiek, uani ni kwako, mwanangu. Palikuwa kwako siku zote.

Mbona bado umekaa? Grenda iko chini ya ngazi. Fungua dirisha, Zulfa... fungua lote. Nataka niisikie ikianza.