Nyumba Isiyoomba Moto

Asalaam aleikum, mama zangu na dada zangu. Wakubwa, shikamooni. Nimeombwa niseme nilivyozama na nilivyoibuka. Sitamtaja mtu kwa jina, kwa hiyo anayejijua atulie tu.

Mnakumbuka tulipohamishiwa hapa kijijini. Kila mtu alikuja na vyungu vyake na kuku wake. Mimi nilikuja nimeacha kaburi. Binti yangu wa miaka minne tulimzika kule mlimani, na kabla udongo haujakauka nikaambiwa nifunge mizigo. Ndugu zangu, nawaambia, hata mtoto wa jirani akicheka nilikuwa naumia.

Basi nikafanya kosa. Nikanunua kiberiti. Mnacheka! Moto ukizimika, sisi tunachukua kifuu cha nazi tunakwenda kwa jirani kuomba kaa la moto, naye anakuuliza umeamkaje. Mimi sikutaka kuulizwa nimeamkaje. Nikawa nawasha mwenyewe, mlango nimeurudisha. Mkasema yule wa mlimani anaringa. Nami nikasema watu wa hapa hawana huruma. Mwaka mzima hivyo.

Ndipo akaja mwalimu wa chuo kikuu kufanya utafiti. Kwa kuwa nilifika darasa la nne, nikachaguliwa kumsaidia kuandika. Akanieleza kwamba watafiti waliomtangulia walikuwa wakifika vijijini wanahesabu nyumba na mikorosho, wanauliza koo za watu. Siku hizi, alisema, wasomi wameanza kuuliza nani anakwenda kwa nani. Akatandaza karatasi kubwa. Kila nyumba duara, na kila anayeomba moto kwa mwenzake, mstari.

Tukapita nyumba hadi nyumba, mistari ikajaa. Nikatafuta duara langu. Halikuwa na mstari hata mmoja. Nililia mbele ya mgeni, wala sikuona haya.

Ilibaki nyumba moja, ya bibi jirani yangu. Nikaenda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Moto wako ukizimika, unaomba kwa nani?"

"Natembea mpaka nyumba za kule msikitini, na miguu hii. Moshi wako nauona hapo hapo, lakini hujaja kwangu hata siku moja, nami nitakujaje kwako? Nilisikia umefiwa. Nilikuwa nasubiri uje na kifuu nikupe pole."

Mwaka mzima alikuwa ameniwekea pole yangu!

Nikarudi nyumbani, nikaumwagia moto wangu maji. Nikachukua kifuu. Bibi hakunipa kaa upesi. Kwanza aliniuliza jina la mtoto. Tangu nihamie hapa hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikalitaja, tukalia wote wawili mpaka uji wake ukaungua.

Namshukuru bibi yule. Amekaa hapo, anajifanya hasikii. Namshukuru mwalimu na karatasi yake. Kiberiti nilimpa awashie sigara zake njiani.

Ninachowaachia ni hiki: ukiwa na uchungu, nenda kaombe hata kitu ulicho nacho. Na ukimwona mwenzako amejifungia, usisubiri aanze yeye, maana sote wawili tulisubiri tukapoteza mwaka.

Dada uliyehamia juzi, uliyekaa karibu na mlango, nimekuona. Kesho asubuhi nitauzima moto wangu. Niwekee kaa, nakuja na kifuu.