Mzee Firmin Hapiti Katikati

Tarehe 31 Julai, baada ya miaka kumi na tisa ya kuongoza wageni katika bustani yetu hapa Johannesburg, Mzee Firmin Mushagalusha anastaafu. Ukurasa huu ulipaswa kuwa wa furaha tupu. Lakini tangu mazoezi ya sherehe Ijumaa iliyopita, sisi wenzake bado tumeduwaa.

Kwa wasiotujua, bustani yetu ina mfano wa barabara ambayo wafalme wa kale wa China walipitishwa kwenda kuzikwa. Kando yake wamejipanga simba, ngamia na tembo wa mawe, wawili wawili, wengine wamesimama, wengine wamepiga magoti. Mzee Firmin, mzaliwa wa Bukavu aliyeanza kama mlinzi wa geti, huwaambia watoto wa shule kwamba wanyama hao hupokezana zamu kama masekyuriti wa Sandton, mtaa wa matajiri. Siku mvua ya mawe ilipowakuta watoto kutoka Soweto, aliwasukuma chini ya tumbo la tembo, yeye akabaki nje. Alirudi ofisini na nundu kichwani, akicheka.

Jambo moja tu hana mzaha nalo: katikati ya barabara ni pa maiti ya mfalme. Walio hai hupita pembeni. Ndivyo alivyotufundisha, na ndivyo tunavyowaambia wageni kila siku.

Sasa sikilizeni tulichofanya. Kamati ya sherehe, ambayo mimi Shufaa ni katibu wake, ilitaka kumpa heshima kubwa. Tulijipanga pande zote, tumeinamisha vichwa. Mwenzetu Cédric akaanza kupiga ngoma polepole, nasi tukamwomba Mzee apite katikati hadi kwenye kilima cha kaburi, mwisho wa barabara. Alipiga hatua chache, akasimama, uso umemshuka.

"Eish, bandugu, munanizika na niko muzima?"

Mkewe, Mama Benita, aliangua kilio. Mwaka jana Mzee alilazwa kwa ugonjwa wa moyo, na ni daktari aliyemwambia aache kazi. Sote tulilijua hilo. Hata ngoma haikujua inyamazeje. Mzee aliondoka bila kuaga, akatuma ujumbe kwamba hataki sherehe yoyote.

Jumapili tulikwenda kwake Yeoville kuomba radhi. Mama Benita alitupikia fumbwa, mboga ya kwao Kongo, dalili njema. Mzee alitusema vya kutosha, kisha akakubali sherehe, kwa sharti lake mwenyewe: ataanzia kaburini na kutembea pembeni kuja getini.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha kazi na kutuvumilia. Moyo wako upate nafuu, na Mama Benita akuchoke polepole ukishinda nyumbani. Tutakusubiri getini, bila ngoma, tumeinua vichwa. Wafalme wote walipita barabara ile kwenda tu. Wewe tunataka kukuona ukirudi.