Kikaratasi Nilichotoa Kwenye Mkebe wa Biskuti

Akina mama wenzangu, kaeni tu. Najua mtu akija hapa mbele kutoa ushuhuda tunasimama, tunamwimbia pambio, anapangusa machozi, ndipo anaanza. Leo msiniimbie. Pambio litanipoza, na mimi nimekuja na hasira ambayo nimeitunza mwaka mzima ili niwaletee ikiwa nzima.

Mama Mwenyekiti aliniomba nisimulie jinsi Mungu alivyonisaidia kupata digrii nikiwa na miaka arobaini na minane. Nitasimulia. Lakini nitasimulia yote, pamoja na sehemu ambayo nanyi mlikuwamo. Sitamtaja mtu jina. Mwenye kujijua atajijua, na asiogope, maana leo asubuhi nimemmiminia chai kama wengine.

Wengi mnanijua kwa ile saiba yangu, duka la kompyuta na uchapaji, pale Adams. Nimewachapia barua za kuomba kazi, kadi za harusi, hata ratiba za mazishi. Baada ya miaka mingi ya kuchapa maneno ya wengine nikaona na mimi nisome. Nikajiunga na chuo kimoja mjini, nikakaa darasani na watoto wa rika la binti yangu, nikachagua sayansi ya siasa. Mwaka wa tatu tukapewa somo la siasa za Marekani. Nilipowaambia hapa, mmoja wenu aliniuliza, "Kwani unaenda kugombea kiti huko?" Tukacheka wote.

Sasa nivumilieni nifundishe kidogo, kwa sababu bila hilo hamtaona mahali nilipoangukia. Katiba ya Marekani imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, na la kwanza kabisa linaikataza serikali mambo mawili yanayotuhusu leo: isiwawekee watu dini, na isiwazibe watu midomo. Sikilizeni vizuri, nimesema serikali, sikusema kanisa. Shule ya umma ni mkono wa serikali. Kwa hivyo kule mwalimu mkuu wa shule ya umma haruhusiwi kuwapanga watoto mistari na kuwaongoza kusali. Mtoto mwenyewe akitaka kusali kabla ya mtihani, asali, hakuna wa kumzuia. Wamarekani wenyewe wanagombana juu ya jambo hili mpaka leo. Na kabla hamjasema hayo ni ya kwao, katiba yetu nayo inasema hakutakuwa na dini ya serikali. Ni vile hatuisomi.

Mhadhiri wetu alikuwa mtu mpole, wa mkataba wa muhula kwa muhula. Alikuwa na mkebe wa biskuti, ule wa bati wa mviringo, na ndani yake vikaratasi. Unaingiza mkono bila kuangalia, unatoa kimoja, na msimamo ulioandikwa pale unakuwa wako. Unasimama dakika tatu unautetea. Na sheria yake moja haikuwa na mchezo: lazima uanze kwa kusema "Mimi ninaamini". Kijana mmoja aliuliza kwa nini asiseme "wao wanaamini". Mhadhiri akamjibu, "Ukisema wao, utatuchekesha tu. Ukisema mimi, itabidi utafute sababu."

Mimi nikatoa kikaratasi kinachosema shule ya umma isiwaongoze watoto kusali.

Nikaomba kubadilisha. Mimi, mwalimu wa shule ya Jumapili miaka kumi na mmoja. Akakataa. Aliyetoa kile cha kunipinga, kinachotetea sala shuleni, alikuwa binti wa Kiislamu. Kwao ni Mombasa, lakini babake ana duka la vitambaa mjini na yeye amelelewa huku kwetu, mtaa wa Satellite. Aliniangalia, akainua kile chake, akaninong'oneza, "Mama, tubadilishane basi." Mhadhiri akasikia, akatikisa kichwa.

Nilijiandaa wiki nzima, na siku yenyewe nilisema vizuri. Nawaambia ukweli, nilifurahi. Vijana walipiga madawati wakishangilia kwamba mathe, yaani mama, amewaka. Na mmoja wao akarekodi, akasambaza kwa simu yake sekunde kumi na tisa. Ndani yake nasema, "Mimi ninaamini sala haina nafasi kwenye paredi ya asubuhi shuleni. Mwalimu mkuu hana haki ya kuniambia nifumbe macho." Mkebe hauonekani. Yule binti anayesimama baada yangu kutetea sala, haonekani.

Kufikia saa kumi na moja jioni klipu ilikuwa kwenye kikundi chetu cha WhatsApp hapa kanisani.

Hapa kwetu, akina mama, mtu akisimama mbele ya watu akasema "mimi ninaamini", ameshuhudia. Hatuna njia nyingine ya kusimama. Kwa hivyo mlisikia ushuhuda mahali palipokuwa na zoezi la darasani. Kosa hilo nalielewa, hata mimi ningelifanya. Halinikasirishi. Kinachonikasirisha ni kwamba namba yangu mlikuwa nayo. Mnanipigia mkitaka picha za pasipoti, mnanipigia mkitaka kuchapiwa nyimbo za Pasaka, lakini siku ile simu yangu haikulia. Ilitetemeka tu, ujumbe juu ya ujumbe. Mmoja akaandika, "Ndiyo hayo masomo ya Marekani." Mwingine akaandika, "Na ndiye anafundisha watoto wetu." Waliobaki mkatuma mikono ya kusali.

Jumapili iliyofuata nikaitwa mbele ya wazee watatu, hapo ofisini. Nikajaribu kueleza habari ya mkebe. Mzee mmoja akaniambia, "Mkebe gani, mama? Tumekusikia kwa masikio yetu." Nikaambiwa nichague moja: niandike barua kwamba nililazimishwa, au niache watoto wa shule ya Jumapili.

Sasa nafika mahali ninapojikasirikia kuliko ninavyowakasirikia ninyi. Niliiandika. Nilikaa kwenye mashine yangu mwenyewe, nikaandika KUH: KUOMBA RADHI, kama ninavyowaandikia wateja. Nikasema mhadhiri yule huwalazimisha wanafunzi Wakristo kuikana imani yao. Nilijua ni uongo. Nilirudi juu nikasahihisha hata koma.

Nilidhani barua itabaki hapa. Mtu akapeleka nakala chuoni. Wiki haikuisha, mhadhiri akasimamishwa. Likabandikwa tangazo kwamba mijadala ya dini na siasa imepigwa marufuku darasani na uwanjani. Fikirieni hilo. Chuo kinafundisha uhuru wa kusema wa Wamarekani, na wanafunzi wake wamekatazwa kusema. Tukabaki tunapewa fotokopi za kusoma, bila mjadala. Mimi nikaachiwa watoto wangu wa Jumapili, nikawafundisha amri ya kutomshuhudia jirani uongo, na sauti yangu haikutetemeka.

Wanafunzi walikusanyika kwenye ngazi za chuo kulalamika. Askari wa geti wakachukua kipaza sauti. Yule binti akapanda ngazi ya juu, akasema bila kipaza sauti kwamba barua iliyomfukuza mhadhiri ni ya uongo, na aliyeiandika anajua. Hakunitaja jina, lakini darasa zima lilijua. Akashtakiwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa kumchafulia mwanafunzi mwenzake jina. Mwanafunzi mwenzake ni mimi. Wangemwondoa chuoni. Nami nikaitwa kuwa shahidi, nithibitishe barua yangu.

Siku ya kamati tulikaa benchi moja kwenye korido, yeye na mimi, tukisubiri kuitwa. Akanisalimia, "Shikamoo, mama." Badala ya kuitikia nikageukia namba ya mlango. Akaniambia, bila ukali wowote:

"Unajua mimi Baba Yetu naijua yote? Nimeisali miaka minane, kila asubuhi, paredi. Siku ile nilitakiwa nikupinge, na nikashindwa kuandika hata ukurasa mmoja; nilisimama tu nikabahatisha. Niliona unanisemea mimi."

Nikamwambia nilikuwa natafuta alama tu.

"Najua," akasema. "Lakini ulizipata sababu."

Nikamuuliza shule gani. Akaitaja. Ni shule ya msingi ya umma, hapo hapo Satellite.

Akina mama, mimi niliongoza sala za Ijumaa katika shule ile miaka sita. Baadhi yenu tulikwenda pamoja. Mnakumbuka kazi yangu ilikuwa gani? Nilitembea kati ya mistari nikitafuta mtoto ambaye hajafumba macho, nikimpata namtoa mbele. Nilisali nikiwa nimefumbua yangu ili niwakamate waliofumbua yao. Sijui kama aliwahi kuwa mmoja wa niliowatoa. Sikuthubutu kumuuliza, naye hakuniambia.

Pale kwenye benchi ndipo kile kikaratasi kilipokuwa changu.

Mlango ukafunguliwa, tukaingia. Mwenyekiti wa kamati akaniuliza kama barua ni yangu. Nikajibu, "Ni yangu. Sentensi ya tatu ni uongo, na ya nne, na ya tano. Huyu binti hajanichafua. Amesema kweli." Akaniuliza nani alinilazimisha kuandika. Nikatafuta mtu wa kumtupia, na ninyi mlikuwa tayari kabisa mdomoni mwangu. Nikasema, "Hakuna. Niliogopa."

Binti akaachiliwa. Mimi nikapewa onyo kali na kulazimika kurudia somo lile, nikachelewa mwaka kuhitimu. Mkasikia nimeifuta barua, mkanitoa kwenye shule ya Jumapili, na sijarudishwa hadi leo. Lakini ushuhuda mnautaka.

Mhadhiri sikumpata chuoni. Alikuwa amepata vipindi mahali pengine. Nikamfuata kumwomba msamaha, na hakuniambia kwamba hakuna shida. Aliniambia alikosa karo akahamisha watoto wake shule kwa sababu yangu. Nikasimama, nikasikiliza mpaka akamaliza. Nilipogeuka kuondoka, akaniita, akanipa mkebe. "Chukua," akasema. "Huku wamenikataza kuutumia."

Sasa niwashukuru walioniinua. Namshukuru mhadhiri yule, ambaye si rafiki yangu wala simlazimishi awe. Namshukuru binti, na babake aliyenikatia kitambaa cha gauni hili nililovaa siku ya mahafali, akanisihi nisiseme ni zawadi, niseme nimekinunua kama mteja. Namshukuru pia mama mmoja wa hapa mtaani Woodley, mwenye simu ya vibonyezo, ambaye klipu haikumfikia. Alikuja kwangu siku ya tatu na mkate chini ya kwapa, akaketi, akaniuliza, "Ilikuwaje?" Kati yenu wote ni yeye tu aliyeniuliza.

Na mimi bado nasali. Nasali asubuhi, nasali nikifungua duka. Nilichoacha ni kuangalia nani hajafumba macho. Wala siwaombi muache mnachoamini. Nawaombea mkielewe vizuri zaidi, na hamwezi kukifahamu kama hamjawahi kusimama dakika tatu upande wa yule mnayemkasirikia, mkatafuta sababu zake kama mnavyotafuta zenu. Mnaweza. Mimi niliweza, na mnanijua nilivyo mkaidi.

Ule mkebe nimekuja nao. Uko pale mlangoni, karibu na kikapu cha sadaka. Nimewachapia vikaratasi vipya wiki hii, kimoja kwa kila mtu. Ukitoka, ingiza mkono, toa kimoja, usichague na usirudishe. Ukifika nyumbani, simama mbele ya mtu mmoja unayempenda, mwambie kwanza ni zoezi na azime simu, kisha ukitetee dakika tatu kwa sauti, ukianza na maneno haya: Mimi ninaamini.