Cordell Mabry, Aliyepandishwa Darasa Kila Mwaka

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu na majirani wa Tillery, mimi ni Vernice Mabry, mama mzazi wa marehemu, na nimesimama mwenyewe kuwasomea maisha ya mwanangu. Desturi ya kanisa letu mnaijua, historia ya marehemu huchapwa kwenye kijitabu cha ibada, Mchungaji husema, "Tuisome kimyakimya," piano hulia taratibu, na kila mtu huinamisha kichwa. Nimeomba leo isiwe hivyo, kwa kuwa nimekaa kwenye viti hivi miaka mingi, na ninajua wengi wetu tukiinamisha kichwa huwa tunatazama picha. Nimemwomba pia Dada Eulalia amshushe mjukuu wangu Joelle ukumbini akale keki, maana kuna sehemu ya habari hii ambayo mtoto hapaswi kuisikia kwenye kipaza sauti.

Cordell Tyrus Mabry alizaliwa hapa Tillery, jimbo la Alabama, Jumanne tarehe 14 Machi 1989, mtoto wa pekee wa marehemu Tyrus Mabry, dereva wa malori ya magogo, na mimi, ambaye hadi leo nafua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa mtoto mzito, mcheshi, mwenye kupenda viazi vitamu kuliko nyama, na aliwahi sana kuongea, hata baba yake akasema, "Huyu atakuwa wakili, au atakuwa kero."

Mwezi Agosti 1994 alianza shule, na akafundishwa kusoma kwa njia iliyosifiwa wakati ule, kwamba mtoto akikwama kwenye neno asihangaike na sauti za herufi, bali atazame picha, afikirie hadithi inaelekea wapi, kisha abahatishe. Cordell alibahatisha vizuri mno, palipoandikwa farasi akasoma punda, mwalimu akamwambia, "Safi, maana umeipata," akabandikiwa nyota. Alipofika darasa la nne picha zilipungua vitabuni na nyota zikapungua pamoja nazo, nikawa naenda shuleni kila muhula, naambiwa, "Mama Mabry, ondoa wasiwasi, wavulana huchelewa, mwakani atashika." Mwakani alipandishwa darasa, na mwaka uliofuata vilevile. Katika sekondari alipiga ngoma kubwa kwenye bendi ya shule, kwa sikio tu, watu wakasimama kwenye viti kumshangilia, na tarehe 24 Mei 2007 alihitimu akiwa na joho, kofia na cheti ambacho ndani yake aliweza kusoma jina lake na mwaka tu.

Septemba mwaka huohuo aliajiriwa katika kiwanda cha kuku, akaanza kwa kutundika kuku kwenye minyororo, baadaye akapewa mashine ya kunyanyulia mizigo, akaiendesha hadi wiki aliyofariki. Mwaka 2019 walitaka kumfanya msimamizi wa zamu, akakataa, wenzake wakamtania, "Mabry anaogopa kuvaa tai," naye akawajibu, "Nikiwa bosi, nyie sura mbaya nani atawachekesha?" Wakacheka, na hakuna aliyefikiri kwamba msimamizi huandika ripoti kila mwisho wa zamu. Hapa kanisani aliacha darasa la Biblia la Jumatano, ambako kila mtu husoma mstari wake zamu kwa zamu, akajiunga na wapokea wageni, kwa sababu mpokea wageni husimama mlangoni na glavu nyeupe na hakuna anayemwita asome.

Jumamosi tarehe 18 Juni 2011 alifunga ndoa na Renita Goolsby, mbele ya madhabahu hii hii. Renita aligundua mwaka wa pili wa ndoa, akamwuliza, "Kumbe kadi zote za Krismasi ulikuwa unaniachia nizisome kwa sauti, nami nikadhani ni mapenzi?" naye akajibu, "Sauti yako tamu, mke wangu, kosa langu liko wapi?" Walicheka, kisha Renita akalia, kisha wakaenda kujiandikisha darasa la watu wazima katika mji wa jirani, na darasa hilo likafungwa kabla mwaka haujaisha kwa kukosa mwalimu.

Tarehe 2 Februari 2017 Mungu aliwapa binti, Joelle, na kila jioni Cordell alimpakata na kitabu mkononi, akimtungia hadithi kutokana na picha. Siku moja mtoto alilala kwangu, nikamsomea kitabu kilekile, akanikatiza, "Bibi, unakosea, hapo dubu anakwenda kazini kiwandani, halafu bosi wake anamkera." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwezi Machi mwaka huu sikucheka tena, kwa kuwa Joelle yuko darasa la pili, ripoti zake zote ni nzuri, na nilipomfungulia kitabu nikaifunika picha kwa kiganja changu, aliutazama mkono wangu, kisha akaniambia kwa adabu kabisa, "Bibi, toa mkono."

Cordell alikuwa pale mlangoni akasikia. Alitoka uani, akarudi, akasema, "Mama, huyu wasimpandishe." Renita alikataa, akamwambia, "Wenzake watamcheka, Cordell, unataka achekwe?" na Cordell akasema, "Mimi hakuna aliyenicheka hata siku moja, na ona." Walivutana wiki nzima, hatimaye wakaafikiana waende wote wawili kuonana na mkuu wa shule, wakapewa Jumatatu tarehe 28 Aprili.

Marehemu alikuwa na ugonjwa wa kisukari tangu mwaka 2022, akitumia insulini za aina mbili, moja ya polepole ambayo huchomwa nyingi asubuhi, na nyingine ya haraka ambayo huchomwa kidogo wakati wa chakula, maana ikizidi huishusha sukari mpaka mtu azimie. Renita alimfundisha kwa rangi, ya kijivu asubuhi, ya chungwa chakula, na kwa miaka mitatu hakukosea. Ijumaa tarehe 25 Aprili alipitia dawa mwenyewe akitoka kazini, duka lilikuwa limebadilisha kampuni ya dawa, na safari hii ya kijivu ndiyo ilikuwa ya haraka. Yote yaliandikwa kwenye vikasha. Dada wa dukani alimwuliza kama ana swali, naye akajibu kama alivyojibu maisha yake yote, "Hapana, dada, nimeelewa."

Alimalizia kwanza zilizobaki nyumbani. Jumapili asubuhi, Renita akiwa kazini, alifungua mpya, akajichoma kipimo cha asubuhi kutoka kwenye ya kijivu, akakaa kwenye kochi kumsubiri Joelle avae viatu vya kanisani. Mtoto alimkuta haamki. Alipiga namba ya dharura, mama wa kwenye simu akamwambia, "Mpenzi, nisomee jina kwenye kikasha cha dawa," na Joelle akakitazama, na kwa kuwa alijua baba yake ana sukari, akasema, "Imeandikwa sukari." Gari la wagonjwa lilikuwa limeshatoka, na daktari amenihakikishia kwamba jibu lolote lile lisingebadilisha kitu. Nawaomba mtu yeyote asimwambie mtoto vingine. Cordell alifariki hospitalini Jumanne tarehe 29 Aprili 2025, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia siku mbili, vijana wa gari la wagonjwa, wenzake wa kiwandani waliobeba jeneza, na majirani ambao kwa chakula chao friji langu halifungiki. Walimu waliomfundisha, ambao baadhi yenu mko humu, nawashukuru kwa upole wenu, na nawaomba upole huo msimpe binti yake.

Juzi Renita aliniambia, "Mama, akichekwa atapona." Kwa hiyo Jumatatu tutakwenda kwa mkuu wa shule, mimi na yeye, kuomba Joelle arudie darasa. Lakini kurudia mafundisho yaleyale hakutoshi, shule haina mtu wa kumwanzishia upya, na mimi nimejaribu, najua kusoma, sijui kufundisha, tunaishia kulia wote wawili mezani. Sitawaomba mnyooshe mikono, maana aibu hiyo naijua. Kama kuna mtu humu anayejua jinsi mtoto anavyofundishwa sauti moja moja mpaka neno litoke, anifuate jikoni hapa kanisani baada ya mazishi, hata kama hatufahamiani, hata kama tuligombana zamani. Sina pa kwenda pengine.

Pumzika, Cordell. Mtoto wako hatutamwambia kwamba anajua kabla hajajua.